Maziwa ya Mtini

Umar bin Zuhair bin Haidar bin Mwinyihatibu hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Mwinyihatibu, baba wa babu yake, alitoka Pangani na msafara wa nguo na shanga, akafika Buganda miguu imemvimba lakini jina lake halina doa. Na wakubwa wa huko walipotaka mtu wa kuwaandikia barua kwa hati za Kiarabu, walimwita yeye. Haidar alifungua duka karibu na bandari ya Port Bell, na hapana aliyewahi kusema kwamba mizani yake iliinamia upande wake. Zuhair alisomesha Kurani watoto wa Luzira mpaka wakawa wazee, na hata askari magereza ambao hawakuwa Waislamu walivua kofia walipopishana naye njiani. Umar mwenyewe alifundisha hesabu miaka mingi, kwa chaki na bakora, na wanafunzi wake waliokuwa sasa na mvi walipokutana naye sokoni walificha mikono nyuma bila kujua kwa nini.

Pamoja na jina, Mwinyihatibu alileta kijiti. Alikifunga kwa kitambaa kibichi, akakitia ndani ya kipande cha mgomba, akakibeba safari nzima kama mtu abebaye hirizi. Kilikuwa kijiti cha mtini, mti ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Kitabu chake. Kilichipua. Na binti yake, Salme, alipoolewa, baba akamkatia kijiti kingine, akamwambia: "Huendi kwa mume mikono mitupu." Tangu siku hiyo hakuna binti wa ukoo ule aliyetoka nyumbani kwao bila mche wa mtini kifuani. Ilipo mitini yao, Jinja, Masaka, hata ng'ambo ya ziwa, yote ni mti ule ule mmoja, maana kijiti hakizai mti mwingine, hujizaa chenyewe.

Hivyo alipoposwa Iman, Umar hakuanza na nguo wala vyombo. Alianza na mtini.

Iman alikuwa mjukuu wake, yatima wa mwanawe wa kwanza. Alimlea tangu hajaota meno. Alimsomesha mpaka akahitimu chuo kikuu, akapata kazi ya uhasibu katika ofisi moja Bugolobi. Na mposaji, Rafiq, alikuwa kijana wa watu wa Jinja, wauza vifaa vya ujenzi, ukoo wenye asili ya pwani kama wao. Umar aliiona ndoa ile kuwa ni amana anayoikabidhi. Akishaifikisha salama, hata akifa, marehemu mwanawe hatakuwa na la kumuuliza huko aliko.

Alikata vijiti vinne alfajiri moja baada ya sala, kabla jua halijaupanda ukuta wa jiko, pale uliposimama mtini mkongwe. Alichagua tawi la mwaka uliopita, nene kama kidole cha shahada, lenye vifundo vinavyokaribiana. Akavilaza kivulini mpaka maziwa yake meupe yakome kutoka, akachovya vichwa vya chini katika majivu. Udongo mwekundu wa kilima chao cha Luzira hushika maji kama mtu mwenye kinyongo, kwa hiyo aliuchanganya na mchanga wa ziwani na samadi iliyokwisha kupoa, kisha akaukaanga juu ya bati ili wafe wale minyoo wanaofunga mizizi mafundo. Alitoboa makopo ya rangi, akavipanda mshazari, vifundo viwili juu, vilivyobaki chini. Akayapanga makopo chini ya upenu, kwa kuwa mvua ya Kampala haibishi hodi, na kijiti kisicho na mizizi kikilewa maji huoza kimya kimya, siku utakapokivuta ndipo utakapojua kwamba umekuwa ukimtunza maiti. Alimwagilia kwa kiganja, si kwa kopo. Na majani yalipotoka, mapana, yenye vidole kama mkono wa mtoto, Umar alisimama mbele yake muda mrefu, akatabasamu. Ni dadake tu, Rumaisa, aliyeliona tabasamu lile, akaliweka moyoni kama ajabu.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja juu ya mti ule: mtini hauguswi jua likiwa juu. Majani yake hayachumwi, tawi lake halikatwi, ila alfajiri au baada ya magharibi, na mwenye kukata hunawa kwa sabuni na majivu mpaka kwenye viwiko. Umar aliipokea sheria hiyo kwa baba yake kama ilivyo, bila sababu. Akiwa mtoto aliivunja mara moja: alipanda mtini adhuhuri kutafuta tini, akashuka mikono imetapakaa maziwa, akaenda kucheza juani. Kesho yake ngozi ilinyanyuka malengelenge kama iliyomwagiwa uji wa moto. Baba yake alimtazama, akamchapa bakora juu ya kidonda, akasema, "Umesikia sasa?" Somo lilikwisha hapo. Kovu lilibaki mkono wa kushoto, jeusi, mfano wa ramani ya nchi isiyojulikana.

Naye alipokuwa baba, kisha babu, aliitoa sheria vile vile alivyopewa. "Mtini hauguswi juani." Mtoto akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa, "Kwa sababu nimesema." Rumaisa, mjane asiyependa maneno makavu, aliongeza chumvi yake. Aliwaambia watoto kwamba adhuhuri mtini una wenyewe, majini wa pwani waliofuatana na kile kijiti, na mwenye kuwabughudhi humpiga kofi la moto. Watoto waliogopa. Kisha wakakua, wakasoma, wakacheka. Iman alicheka kuliko wote. Elimu yake ilimfundisha kwamba majini hawapo mtini. Na kwa kuwa majini hawakuwapo, akadhani na moto haupo.

Siku ya kutolewa posa, shangazi yake Rafiq alimshika Iman kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga kama anayekagua kitambaa dukani.

"Mashallah, mtoto mzuri," alisema. "Haya madoa ya shavuni yatakwisha akitulia ndani."

Yalikuwa madoa madogo, mabaki ya chunusi za usichana. Wote walicheka kwa adabu. Iman naye alicheka, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki: hauonekani, na kila ukimeza unauma.

Wiki ya mwisho alitiwa ndani kama ilivyo ada. Rumaisa akawa ndiye somo wake, mwalimu wa biharusi, akamsinga asubuhi na jioni kwa singo, manukato ya kusugulia ngozi, ya liwa, mawaridi na maganda ya machungwa, akamkataza kutoka nje hata kibarazani.

"Bibi, jua nalo limenikosea nini?" aliuliza Iman.

"Biharusi halioni jua, jua nalo halimwoni biharusi. Ndivyo tulivyoozwa sisi."

"Ndiyo sababu?"

"Ndiyo ada. Lala, nikusugue mgongo, mdomo wako umezidi."

Alhamisi asubuhi Umar alitoka na kiganja chake cha maji, akakuta miche imevuliwa nguo. Makopo yote manne yalikuwa na vijiti vitupu, na kila lilipokuwa jani palikuwa na tone jeupe lililokauka. Hakuna mbuzi achumaye majani bila kuvunja kikonyo. Mkono wa mtu ulipita hapo.

Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Aliita kila aliyekuwamo nyumbani, wake wa wanawe, wajukuu, mpishi aliyekuja kwa ajili ya harusi, akawapanga uani kama darasa, bakora mkononi.

"Nani?" aliuliza.

Alipita mbele yao, mmoja mmoja.

"Nimeuliza, nani aliyeivua miche hii?"

"Kaka," alisema Rumaisa kwa sauti ya chini, "majani yataota. Punguza. Nyumba ina biharusi."

"Ni kwa ajili ya huyo biharusi nasema! Atoke hapa na nini, na fimbo kavu? Baba wa babu yangu alibeba kijiti hiki miezi, miguu inatoka damu. Leo mtu mmoja ndani ya ua wangu anakichezea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu akisema kwa ukali hivi, nani atakayethubutu kumjibu?"

"Usinifundishe, Rumaisa. Naye na alisikie hili, popote alipo." Aligeukia madirisha, akapaza sauti. "Aliyefanya haya si damu yangu!"

Nyuma ya pazia la chumba cha biharusi kitu kilisogea, kikatulia. Umar alikiona. Alidhani ni upepo, au alitaka kudhani hivyo. Kisha akarudi kwa miche yake, akaipaka majivu kwenye majeraha yale madogo, moja baada ya moja, kwa mkono mpole ambao hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuujua.

Yaliyotangulia na yaliyofuata aliyajua baadaye, kwa kinywa cha Docus. Docus alikuwa jirani yao, binti wa sajini mstaafu wa polisi, mzaliwa wa Lira aliyekulia katika nyumba za polisi Nsambya. Yeye na Iman walikuwa pete na kidole. Iman alisoma katika simu yake kwamba majani ya mtini yaliyopondwa hung'arisha ngozi na kufuta madoa. Usiku wa Jumatano aliyachuma. Alichuma ya miche kwa kuwa yalikuwa laini, na kwa kuwa ilikuwa miche yake. Akayaponda, akayachanganya na singo ya Rumaisa, akajipaka uso, shingo, kifua na mikono. Ijumaa asubuhi akajipaka tena. Na Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wakiwa msikitini, Rumaisa akiwa jikoni na sufuria za pilau, Docus alibisha mlango wa nyuma.

"Wewe ni biharusi ama mufungwa ya Luzira?" alimtania. "Hata mufungwa wanatoaga yeye nje kuona jua."

"Ngoja nivae. Picha chache tu pale ziwani, turudi kabla Babu hajatoa salamu ya mwisho."

"Mzee akitupata?"

"Atasema mimi si damu yake," alisema Iman, akacheka. Lakini Docus alisema kwamba kicheko kile hakikuwa na meno.

Walikwenda ufukoni Port Bell, pale ambapo reli hukoma na maji huanza. Jua la adhuhuri lilikuwa juu ya ziwa na chini yake pia, maana maji yalilirudisha. Iman alivua mtandio. Alisimama, akageuka, akacheka, akainua mikono. Alirudi ndani kabla ya wanaume, na hakuna aliyejua.

Jumamosi ngozi ilianza kuwasha. Jumapili ilikuwa nyekundu. Usiku ule ikapanda malengelenge. Rumaisa alipofunua shuka alitia mkono mdomoni asipige ukelele. Yeye aliona husuda. Nani asiyemhusudu mtoto huyu, alijiambia. Na akaamua kulificha, ili habari isifike Jinja. Alifukiza ubani, alisoma, alipaka mafuta ya nazi, akamkanda kwa vitambaa, na kila Umar alipouliza hali ya biharusi alijibiwa, "Mzima, anapumzika." Mlangoni pa chumba cha biharusi mwanamume hapiti, naye Umar hakuwa mtu wa kuvunja ada. Malengelenge yakapasuka. Usaha ukaingia.

Jumanne alasiri Umar alisikia mlio ambao hakuwahi kuusikia kwa Iman tangu alipokuwa kitoto cha kunyonya chupa. Aliufungua mlango.

Alisimama kizingitini. Shingoni mwa mjukuu wake, kifuani, mikononi, na upande mzima wa kushoto wa uso mpaka kwenye kope, aliona mkono wake mwenyewe wa utotoni. Alilitambua lile vazi la moto. Akashika kovu lake bila kujijua.

"Iman," alisema, "uligusa mtini?"

Msichana alimtazama kwa jicho lililokuwa bado linafunguka. Nyuma ya Umar, ukutani, bakora ilikuwa inaning'inia mahali pake.

"Hapana, Babu."

"Sema kweli."

"Wallahi, Babu. Sikuugusa."

Katika nyumba ya Umar bin Zuhair mtu haapi kwa uongo. Hilo alilijua kama alivyojua jedwali la kuzidisha. Basi akaliamini neno, akayakanusha macho yake mwenyewe.

Walimpeleka hospitali ya kilimani Nsambya. Daktari Ajok, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili: amepakwa nini, amekula nini, ameshika nini? Rumaisa alitaja liwa na mawaridi. Iman alitaja liwa na mawaridi. Umar alikaa kwenye benchi, kofia yake nyeupe magotini, na kila swali lilipopita aliutazama mkono wake wa kushoto. Homa ilipanda. Kitanda kilikuwa dirishani, na hakuna aliyefikiri kulifunga pazia, maana hakuna aliyejua kwamba jua ndilo adui.

Siku iliyofuata Docus alikuja ukumbini mwa hospitali akiwa amevua viatu, kama aendaye msibani. Alisimama mbele ya Umar, akapiga magoti.

"Mzee, nipige mimi. Lakini sikiliza kwanza. Ni majani. Ile majani ya miti yako. Alijipaka, na mimi nikamupeleka kwa jua."

Umar aliweka kofia yake juu ya benchi.

"Mimi niliambia yeye, mwambie mzee, huyu mzee anajua mambo ya huo muti. Akasema hapana. Akasema ulimukataa yeye mbele ya watu wote, na harusi bado. Akasema afadhali kuungua."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo, Mzee. Alikuogopa kuliko moto."

Umar aliinuka. Alimweleza daktari mwenyewe, kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha shule za zamani, bila kuacha neno. Daktari Ajok alifunga pazia. Akaeleza kwamba maziwa ya mti ule yakikutana na jua juu ya ngozi ndiyo yaunguzayo. Siku ya kwanza angeoshwa, angewekwa gizani, angeishia kuumwa kidogo. Sasa uchafu ulikwisha kuingia. Wangepigania uhai, wauache uzuri.

Uhai walipewa, na harusi ikaahirishwa. Iman alitoka baada ya wiki nyingi, kope ya kushoto imevutwa chini na kovu, shavu na shingo vimeingia weusi usio wa rangi yake, mkono mmoja haukunjuki sawasawa. Shangazi yake Rafiq alifika kutoka Jinja na wanawake wawili. Walikaa barazani, wakanywa chai, wakala kaimati moja moja. Iman aliletwa, akawaamkia. Safari hii hakuna aliyemshika kidevu.

"Pole sana, mwanangu," alisema shangazi. "Ni mitihani ya Mola. Tutazungumza na baba yake Rafiq, tutawaletea jibu."

Umar alikuwa mtu wa kuhesabu. Alijua jibu lilikwisha kuletwa. Rafiq mwenyewe alipiga simu mara moja, akalia, akasema mama yake ni mgonjwa na hataki kumkera. Baada ya hapo simu ilinyamaza.

Miche mitatu ilikufa kwa kupokonywa majani ikiwa haijatia mizizi ya kutosha. Wa nne ulichipua tena, kijani kibichi, bila haya, kama kwamba hakuna lililotokea. Umar alitaka kuung'oa. Aliushika shingo, akauacha. Akaukalisha pale pale chini ya upenu.

Ijumaa moja, baada ya magharibi, alikusanya wajukuu wote uani, wakubwa kwa wadogo, akawapanga kama kawaida yake. Walitazama ukutani: bakora haikuwapo. Walitazama mikononi mwake: alishika kisu kidogo. Alikata jani moja la mtini mkongwe, akaliinua. Maziwa yalitoka, meupe, yakadondoka juu ya jiwe.

"Mtini hauguswi juani," alisema. "Mmelisikia hili tangu mlipozaliwa. Leo mtaambiwa kwa nini. Haya maziwa na jua vikikutana juu ya ngozi ni moto. Hapana jini. Hapana wenyewe. Ni moto." Alikunja mkono wa kanzu, akawaonyesha kovu, akawapitia mmoja mmoja mpaka kila mtoto akaligusa. "Nimelibeba hili tangu nilipokuwa sawa na wewe. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Babu."

Pazia la chumba cha ndani lilisogea. Iman hakuwa akitoka nje tena mchana, na jioni alikaa hapo, kichwa kimefunikwa.

"Babu," sauti yake ilitoka gizani, kavu, isiyo na kilio. "Waambie na lile lingine."

"Lipi?"

"Waambie kwa nini sikusema."

Kutoka chini bandarini ilisikika chuma kikigonga chuma, behewa likisukumwa melini. Rumaisa aliinamisha uso, akaukunja upindo wa kanga yake. Umar bin Zuhair alisimama wima kama alivyosimama mbele ya madarasa yote ya maisha yake. Aliweka kisu chini, juu ya jiwe.

"Niliwahi kusema uani hapa neno ambalo baba wa babu yangu asingelisema," alisema hatimaye. "Aliyelisikia akauchagua moto kuliko mimi. Basi sikilizeni, na mshike, maana sitawafundisha hesabu kubwa kuliko hii. Mkubwa akisema usiguse, usiguse. Alikwisha kuungua kabla yako. Ukishindwa ukagusa, njoo useme siku ile ile, hata kama nimesimama na fimbo, hata kama napiga kelele mtaa mzima unasikia. Kidonda kilichosemwa huoshwa. Kilichofichwa hula uso. Na mtu wa nyumba hii ni damu yangu, amekosea au hakukosea."

"Tumesikia, Babu," walisema watoto.

"Sikuwaita msikie. Nimewaita mshike." Aliligeukia pazia, kisha akawageukia wao, na sauti yake ikarudi kuwa ile ile waliyoizoea, ngumu, isiyobembeleza. "Rudieni. Neno kwa neno, wote, na kwa sauti, ili aliye ndani asikie kwamba mmeshika."